Unyumba Bila Nyumba

Usiku wetu wa kwanza Kenani, kituo cha kupokelea wakimbizi nchini Zambia, ulikuwa wa Septemba 2017. Tulilala chini ya turubai kubwa pamoja na familia nyingine nyingi, na mpaka kati yetu na jirani ulikuwa kitenge kimoja kilichoanikwa juu ya kamba. Upande wa pili mzee alikohoa usiku kucha, na kila alipokohoa kitenge kilitikisika. Mume wangu alijilaza upande wa kamba, mimi upande wa mizigo, watoto watano katikati. Gizani nilinyoosha mkono juu ya vichwa vyao mpaka nikagusa kiwiko chake. Hakukiondoa, wala hakugeuka. Nikaviacha vidole vyangu hapo hadi mkono ukafa ganzi.

Tulikuwa tumetembea kutoka upande wa Pweto, nchini Kongo, tukavuka mpaka kuingia Chiengi, tukapandishwa gari pamoja na wenzetu wengi waliokimbia vita vya Katanga na Tanganyika. Nyuma yetu tuliacha watu ambao hatukujua kama wangali hai. Mwanamke wa hali hiyo hutarajiwa kuwaza chakula, dawa ya malaria na mahali pa kuwalaza wanawe, nami niliyawaza yote hayo. Lakini niliwaza na hili pia: huyu mwanamume, nitakuwa naye tena lini? Nililiona wazo hilo kuwa dhambi, nikalificha kwa miaka. Leo naliandika kwa kuwa nimewasikia wanawake wengi wakikiri kwamba nao waliliwaza, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

Asubuhi tuliandikishwa. Karatasi tuliyopewa ilisema: kaya, watu saba. Niliishika kwa mikono miwili, maana ndiyo iliyotupatia unga, maharage, mafuta na chumvi. Nimekwisha kuwa na karatasi ya aina hiyo mara mbili maishani, na sina neno baya juu yake. Ila kaya ni kitu cha kuhesabiwa. Kaya hupanga foleni, hupika, hula, huugua, huongezeka mtoto akizaliwa na hupungua mtu akifa. Ndani ya neno hilo mimi na mume wangu tulikuwa tarakimu mbili kati ya saba, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba tarakimu mbili hizo zilikuwa na jambo lao.

Kiswahili kinalo jina la jambo hilo. Yako mengine: hamu, mahaba, ashiki, na lile la wahubiri na wauguzi, tendo la ndoa. Mimi hupenda unyumba. Waliolitunga hawakulichukua kwenye mwili wala kwenye moyo. Walilichukua kwenye nyumba, kana kwamba walijua kuwa kinachowakutanisha mke na mume kinahitaji ukuta, mlango, na mtu wa kuufunga kwa ndani. Nilipofundisha shule ya msingi sikuwahi kulifikiria. Nililifikiria Kenani, nikikitazama kitenge kile kikitikisika. Watu waliopoteza nyumba, unyumba wao unakwenda wapi?

Nilianza kuishi na mume wangu mahali kama pale. Desemba 2000, Pweto ilipoangukia mikononi mwa waasi na majeshi ya Rwanda, nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Nilivuka na mama yangu, tukapelekwa Kala, kambi iliyokuwa Kawambwa. Huko nikamkuta kijana wa pwani ileile ya Ziwa Mweru, ambaye nyumbani tungeweza kuishi hadi uzee bila kuonana. Tulioana mwaka 2002. Chumba chetu kilikuwa kimoja, cha udongo na nyasi, na watoto wakaja upesi. Tulilala nao kwenye mkeka mmoja. Ndipo lilipozaliwa swali letu. Usiku, baada ya kimya kirefu, mume wangu aliuliza kwa Kiswahili chetu cha Katanga, kwa sauti ya chini sana: “Batoto balilala?” Nikijibu kwamba wamelala, jibu hilo lilikuwa na maana yake. Nikijibu kwamba bado, lilikuwa na maana yake pia, naye hakuuliza mara ya pili. Hatukuwahi kukubaliana hivyo kwa maneno. Kabla hajauliza nilikwisha kumsikia akivuta pumzi ya kuuliza, na nakiri kwamba pumzi ile ilinisisimua kuliko mengi yaliyofuata.

Mwaka 2008 tulirudi nyumbani, na miaka miwili baadaye Kala ikafungwa. Tukajenga. Tofali za kuchoma, bati juu, vyumba vitatu, na chumba chetu kilikuwa na mlango wa mbao wenye ufunguo. Mume wangu alivua kwa nyavu, mimi nikafundisha. Kama unyumba ungekuwa nyumba tu, miaka ile tisa ingekuwa karamu.

Ulikonda. Hatukugombana; ningeugua ugomvi ningejua dawa yake. Tulipokezana kitanda kama walinzi wanavyopokezana zamu: yeye aliingia alfajiri ananuka samaki, mimi natoka nimebeba chaki. Usiku tuliokuwa pamoja tuliongea juu ya ada za shule, bei ya nyuzi za nyavu, deni la shemeji. Na tulijuana mno. Nilijua mkono wake utaanzia wapi na utaishia wapi, na kwa kuwa nilijua, nilikuwa nimekwisha kumaliza kabla hajaanza. Naye, ameniambia siku hizi, alijua kwamba najua, akaona haya kuanza.

Majina yetu pia yalikuwa yamepotea. Kwetu mtu akizaa haitwi tena jina lake. Huitwa kwa jina la mtoto. Wabemba wa Zambia hufanya vivyo hivyo, bana fulani kwa mama, bashi fulani kwa baba. Ni heshima, sitaki idharauliwe. Lakini mimi na mume wangu tuliibeba heshima hiyo mpaka kitandani. Nilimwita Baba, akaniita Mama, hata taa ikiwa imezimwa. Siku moja ofisini pa shule niliulizwa jina la mume wangu ili liandikwe kwenye fomu, nikataja la mtoto wa kwanza. Karani akasema anataka jina la mwanamume mwenyewe. Ilinibidi nisimame pale, nikumbuke.

Basi nilipofika Kenani sikuwa mke aliyepokonywa penzi na vita. Vita vilinikuta sina. Nimelisema hili polepole kwa sababu wengi hupenda kuamini kwamba raha ya watu wawili huuawa na shida. Nimeishi na shida bila raha, na nimeishi na nafuu bila raha, na nafuu ndiyo iliyoniogopesha, kwa maana sikuwa na wa kumlaumu.

Majuma ya kwanza hakuna kilichotokea, na hakuna kilichoweza kutokea. Kisha likaja jambo la bafu. Mabafu ya Kenani yalikuwa miti na plastiki, hayana paa. Wanawake tuliogopa kwenda peke yetu jua likizama, kwa hiyo mume wangu alinisindikiza, akasimama nje kunilinda, mgongo wake ukiwa umeelekea kwangu. Jioni ya kwanza alinyamaza. Ya pili alinyamaza. Ya tatu, nadhani kwa kuchoshwa na kimya tu, akaanza kuzungumza huku anatazama mbele. Alisimulia jinsi alivyovuka ziwa na mjomba wake akiwa mtoto wa miaka minane, dhoruba ikawakuta katikati, mjomba akaimba ili asisikie mawimbi, yeye akajilaza chini ya mtumbwi juu ya samaki na kulia mpaka ng'ambo. Miaka kumi na tano ya ndoa hakuwahi kuniambia. Nilisimama na sabuni mikononi, nikaacha kumwaga maji ili nisikose neno.

Jioni ya nne niliitamani saa ya kuoga. Mwanamume aliyesimama nje ya plastiki ile alikuwa mgeni mwenye sauti nzito kidogo, aliyekuwa na mambo yake. Nilimwuliza maswali. Alijibu, akaniuliza yake, nami nikamweleza mambo ambayo sikumwambia yeyote, juu ya baba yangu, juu ya uwongo mmoja niliowahi kuusema kanisani. Nikajikuta najipaka sabuni polepole. Nikajua kwamba anayasikia maji yanavyoteremka, na kwamba amejua kuwa ninajua. Siku moja alinyamaza katikati ya sentensi. Plastiki ilikuwa kati yetu, watu wanapita na ndoo, mtoto analia mahali fulani, na mimi nilikuwa nimesimama nikitetemeka, na haikuwa baridi.

Nimefikiri sana juu ya plastiki ile. Pweto hatukuwa na kitu chochote kati yetu, na kwa hiyo hakukuwa na pa kuvuka.

Baadaye tulipewa hema la familia. Wahudumu wa misaada wana kitabu cha viwango kiitwacho Sphere, na humo imeandikwa kwamba kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za mahali palipoezekwa. Kwa mke na mume ni mita saba, ambazo zinatosha kabisa, isipokuwa ndani ya mita hizo kuna watoto. Hapo akina mama wa mstari wetu wa mahema walifanya kitu ambacho sitakisahau. Jirani mmoja, mjane mtu mzima, alipita jioni akasema, “Mama, leo batoto wakuje kwangu, nitawatolea hadithi.” Kesho yake akachukua watoto wa hema jingine. Ikawa desturi, na baadaye wengine wakashika zamu, nami nikashika yangu, nikasimulia sungura na fisi mpaka koo likakauka, nikiwa na watoto kumi na wawili wa watu mbele yangu. Hakuna aliyetaja sababu hata siku moja. Watoto waliporudishwa, walirudishwa kwa kelele, anayewaleta akianza kukohoa na kuita tangu mbali. Hiyo ndiyo nyumba tuliyojengewa Kenani: kuta zake zilikuwa adabu za majirani.

Januari 2018 makazi ya Mantapala yalifunguliwa, hapahapa wilaya ya Nchelenge, kwa mpango wa wakimbizi na wenyeji wa Zambia kuishi jirani kwa jirani. Tulihamia, tukapata kiwanja. Huko nikafundishwa kazi ya kujitolea katika afya ya jamii, na ndipo nilipokutana na maelezo ya kisayansi ya mambo niliyokuwa nayajua kwa ngozi tu. Watafiti wawili wa Taasisi ya Kinsey huko Indiana, Erick Janssen na John Bancroft, walieleza kuwa hamu ya mwili ina vitu viwili, kichochezi na breki, na kwamba si sawa kudhani mtu asiye na hamu amekosa kichochezi. Mara nyingi breki zake ndizo zimekanyagwa. Nilipoisikia hiyo nilitaka kulia. Breki zangu ningeweza kuzihesabu: njaa, maombolezo, masikio ya watoto, na hofu ya kupata mimba ya sita katikati ya hema. Hofu hiyo ilinitoka siku muuguzi aliponiwekea kipandikizi mkononi, na nashauri kila mke mwenye hofu ya aina hiyo asichague kuibeba kimyakimya kitandani.

Mwingine ni Rosemary Basson, daktari wa Kanada, aliyeandika mwaka 2000 kwamba kwa wanawake wengi, hasa walio katika ndoa za muda mrefu, hamu haitangulii. Mke huanza akiwa hana lolote, ila yuko tayari kusogea, kwa upendo au kwa kutaka ukaribu. Na akishasogezwa vizuri, hamu inakuja nyuma. Zamani nilikuwa nikiisubiri ije kwanza, kama basi. Haikuja, nikaamua kwamba nimezeeka nikiwa na miaka thelathini na minne. Yeyote anayewasha babula, jiko la makaa, analijua hili: asubuhi unafukua majivu, unaona kaa moja lina wekundu wa ukubwa wa kucha, unalipulizia. Hungeliona usingefukua.

Lakini kufukua si kulazimisha, na hapa sina budi kusema kwa ukali. Katika kazi yangu ya kujitolea nimekaa kwenye vikao vingi vya kusuluhisha ndoa, na lalamiko la wanaume ni moja: ananinyima unyumba. Husemwa jinsi mtu anavyosema ananinyima bukari, ugali wetu. Kana kwamba mke anao unyumba ndani ya sufuria na ameufunika. Kuna kikao ambamo mwanamke aliyeshtakiwa alikuwa amefanyiwa ukatili njiani wakati wa kukimbia, wala mumewe hakuwahi kumwuliza lolote juu ya safari ile, kwa kuogopa jibu. Mwili wa mama yule ulikuwa umefunga milango yote, na ulikuwa na haki ya kufunga. Alichohitaji kilikuwa matibabu, muda, na mwanamume wa kusimama nje ya plastiki, ageuze mgongo, azungumze polepole jioni nyingi bila kudai kuingia. Wengine wameweza. Nimewaona, na wanaume hao nawaheshimu kuliko wapiganaji wowote.

Huku mkoa wa Luapula, na kusini hadi miji yote ya Zambia, binti anayeolewa hufundishwa na banachimbusa, kina mama wenye elimu ya ndoa. Zamani katika nchi ya Wabemba elimu hiyo ilikuwa sehemu ya chisungu, unyago wa wasichana, ambao msomi wa Kiingereza Audrey Richards aliushuhudia mwaka 1931 na kuuandikia kitabu kilichotoka 1956. Mwambao wa Waswahili nao una makungwi na masomo wake. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, aliimba na kufundisha unyago maisha yake yote. Ni elimu pana na yenye ujasiri, na mimi nasikitika kila nikisikia inaitwa uchafu. Kilio changu ni kingine. Binti hukaa chini ya kina mama siku nyingi, akifundishwa kiuno, shanga, usafi, namna ya kumpokea mume aliyechoka. Kijana hupewa nasaha za jioni moja, na nyingi ni za kuleta unga nyumbani. Hivyo wawili wanaingia ndani, mmoja amefundishwa kupika na mwingine amefundishwa kula.

Jirani yangu wa Mantapala, mwenyeji wa hapa, ni banachimbusa. Tulipozoeana nilimweleza hilo. Hakunikasirikia. Akanisimulia juu ya chungu kidogo ambacho zamani bibi harusi alipewa na shangazi yake, dada wa baba. Waliamini kwamba mke na mume wakikutana wanakuwa na joto, joto la hatari, na kwamba hawapaswi kugusa moto wa jikoni wala kupikia watoto kabla hawajalipoza. Kwa hiyo waliteleka maji katika chungu kile, kila mmoja ameshika ukingo wake, kisha wakanawishana mikono. Richards naye amekiandika chungu hicho. Nilimwuliza jirani: mume naye alishika? Akasema, “Angeliacha kushika, kazi isingefanyika.” Nililala naifikiria picha hiyo. Watu wawili wazima, usiku wa manane, wamechuchumaa mekoni na kitu kidogo kuliko kikombe, wakikishikilia pamoja. Kila mara waliporudiana waliichukulia habari kuwa nzito kiasi cha kuinuka na kupasha maji. Sisi tulikuwa tunageukiana migongo na kulala.

Sikurudisha desturi ya chungu. Si yangu, na imani iliyo ndani yake si imani yangu. Nilichochukua ni kule kuinuka. Mume wangu sasa huchemsha maji, kwenye sufuria ya kawaida, na tunanawishana. Kuna nyakati maji ndiyo yanayotangulia.

Kazi yake ziwani ilirudi kwa vipindi. Akipata kibali hushuka Kashikishi, akaajiriwa kwenye mitumbwi ya wenyeji, hukaa huko wiki mbili, tatu. Siku moja nilimfuata bila kumwarifu, nina shida ya fedha za mtoto. Nilifika jua linazama upande wa Kongo, ziwa lote rangi ya shaba, na wanaume wanavuta wavu. Nikamtazama mmoja wao, mgongo wake. Niliutazama kwa sekunde chache kama unavyoutazama mgongo ambao huna haki nao. Mwenziwe akamwita kwa jina la utani ambalo sikuwahi kulisikia, akageuka akicheka, na alikuwa wangu. Nilishikwa na wivu wa lile jina. Wavuvi wale walikuwa na mtu ambaye mimi simjui, mcheshi, anayetaniwa. Usiku ule hatukuwa na pa kulala pamoja, maana wao hulala kundi zima kwenye kibanda. Tulikaa ufukweni mpaka usiku sana, nikamlazimisha anieleze jina lilitoka wapi. Alikataa. Mpaka leo amekataa, nami nimeacha kumsumbua. Acha abaki nalo.

Halafu kuna miezi ya kufungwa uvuvi. Sheria ya Zambia hufunga tangu mwanzo wa Desemba mpaka mwisho wa Februari, ili samaki wazaliane, na mume wangu hubaki nyumbani miezi mitatu mfululizo. Mwaka wa kwanza nilidhani itakuwa fungate. Kufikia Krismasi tulikuwa hatutazamani. Mvua, matope, yeye ameketi barazani ananitazama ninavyochagua maharage na kunishauri. Tulijifunza kwa shida kwamba hata chini ya paa moja mtu anahitaji kwenda mahali na kurudi. Sasa Desemba ikiingia yeye hushika shamba la mihogo lililo mbali kuliko lililo karibu, nami nina kundi langu la kina mama la kuweka na kukopa, na kitabu changu ambacho hakisomwi na mtu. Tunaporudi jioni kuna la kuulizana.

Mwaka 2012 watafiti wa Marekani, Bianca Acevedo, Arthur Aron, Helen Fisher na Lucy Brown, walichapisha uchunguzi wa ubongo wa watu 17 waliosema bado wanawapenda wenzi wao kwa moto, baada ya wastani wa miaka 21 ya ndoa. Walipotazama picha za wenzi wao, ubongo uliwaka sehemu zilezile zinazowaka kwa mpenzi mpya. Watu 17 ni wachache, na sidhani walikuwa na turubai. Lakini nilipousoma nilihesabu miaka yetu, nikaona tumeupita ule wastani.

Nyumba ya Mantapala tumeijenga kwa mikono yetu. Mume wangu alifyatua tofali, mimi na mabinti tukateka maji. Kuta za nje zilipovuka juu ya dirisha nilidhani tutapaua, maana mvua ilikuwa inakaribia na watoto walikuwa wamechoka na hema. Akasema bado. Akarudi kwenye shimo la udongo akafyatua majuma mawili mengine, peke yake, akijenga ukuta wa ndani unaotenga chumba chetu. Watoto walinung'unika: kwa nini ukuta wa ndani uwe mnene kuliko wa nje? Aliwajibu kwamba anaogopa upepo. Kila jioni nilimpelekea maji ya kunywa na kumkuta matope yamemfika mabegani. Aliweka tofali, akapigapiga kwa kipini cha mwiko, akasikiliza. Hakunitazama nilipokuwa nimesimama pale. Nami sikuondoka upesi.

Binti yetu mkubwa ameolewa. Agosti iliyopita, shule zilipofungwa, wadogo zake wawili wa mwisho walikwenda kukaa kwake, na wale wa katikati walikuwa na safari ya kwaya. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2003 nyumba haikuwa na mtoto hata mmoja. Tulikula mapema. Tukaoga. Tulilala tukisikiliza kuta zinavyonyamaza, na nadhani tuliogopa kidogo, kwa maana sasa hakukuwa na wa kujificha naye. Ndipo nikamsikia anavuta pumzi.

“Batoto balilala?” akauliza, kwa sauti ileile ya chini ya Kala.

Nilimjibu kwa jina lake.